Mmea wa Chungu Ndani ya Nyumba: Faida Zake za Kweli na Malezi Yake katika Hewa ya Kyela

Yamkini msomaji wa Ndandalo atauliza: katika wilaya ambayo migomba huegemea kuta na mikakao hutia kivuli hadi mlangoni, kuna haja gani ya kuchukua mmea na kuuingiza ndani ya nyumba? Swali hilo ni la haki, na jibu lake la kwanza limo katika nyumba zenyewe. Nyingi zinazojengwa sasa katika maeneo ya mji ni za matofali na bati, ua wake umesakafiwa kwa saruji, na wapangaji hugawana baraza moja. Mwenye chumba kimoja hana pa kupanda hata shina la mchaichai. Jibu la pili limo katika mvua. Wilaya yetu hupokea zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani ikielekea Ziwa Nyasa kwa nguvu ambayo kila mkazi anaijua. Masika yakishamiri, ua si mali yetu tena, ni mali ya maji. Bustani ya maua iliyopaliliwa mwezi Februari yaweza kuwa tope ifikapo Aprili. Mmea ulio katika chungu huinuliwa ukawekwa juu ya meza. Ule wa ardhini hauinuliki.

Somo hili linakusudia kumwonyesha msomaji mambo ambayo mmea wa chungu humtendea mwenye nyumba, na pia mambo ambayo haumtendei ingawa husemwa kila siku kwamba unayatenda. Tumeona ni vema kuanza na haya ya pili, kwa kuwa moja kati yake laweza kugharimu uhai.

Husemwa kwamba mimea ya ndani husafisha hewa. Kauli hii ina asili ya kisayansi, lakini imetiwa chumvi nyingi njiani. Mwaka 1989 Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilitoa taarifa ya majaribio yaliyoongozwa na mtafiti B. C. Wolverton. Mimea kadhaa ya nyumbani iliwekwa ndani ya masanduku madogo yaliyofungwa kabisa, kisha ikaingizwa hewa yenye kemikali kama benzini na formaldehaidi, zile zitokazo katika rangi, gundi na mbao za viwandani. Baada ya muda kiasi cha kemikali kilipungua. Shabaha ya utafiti huo ilihusu vyombo vya anga, ambamo hakuna dirisha la kufungua. Wauza maua duniani wakalichukua tokeo hilo na kulihamishia sebuleni, kana kwamba sebule ni sanduku lililofungwa.

Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za aina hiyo na kufanya hesabu upya. Waliona kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa na upepo wa kawaida unaoingia na kutoka katika jengo, ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Tuchukue chumba cha mita tatu kwa tatu, ambacho ni cha kawaida hapa kwetu. Kina mita za mraba 9. Hata kwa kiwango cha chini kabisa kingehitaji mimea 90, na mwenye chumba angelazimika kulala nje.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kwa sababu katika usiku wa baridi wa Juni na Julai, na katika siku za mvua isiyokatika, wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu akiwa usingizini. Hakuna mmea, wala mimea mia, utakaoiondoa gesi hiyo. Aliyeambiwa kwamba maua yake yanasafisha hewa, akaamini na kufunga dirisha, amedanganywa kwa namna ya hatari. Jiko libaki nje au jikoni penye uwazi, na dirisha libaki wazi, uwe na maua au usiwe nayo.

Upande wa pili wa shilingi hiyo ni hofu ya wazee wetu wengi, kwamba mmea ukilala chumbani usiku hunyang'anya watu hewa. Ni kweli kwamba gizani mmea husitisha usanisinuru na kubaki ukipumua, yaani kutumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa kama sisi. Lakini kiasi chake ni kidogo mno. Mtoto mmoja anayelala kando yako hutumia hewa nyingi kupita vyungu vyote utakavyoweza kuvipanga dirishani, na hakuna anayemfukuza mtoto chumbani kwa sababu hiyo.

Basi ikiwa mmea hausafishi hewa, una faida gani? Ipo, tena iliyopimwa, ila haikai katika mapafu. Inakaa katika akili ya anayeutazama na mikono ya anayeutunza.

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wake katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alipitia kumbukumbu za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo kati ya mwaka 1972 na 1981. Nusu yao walilala katika vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti, na nusu nyingine katika vyumba vya namna ile ile ambavyo dirisha lilitazama ukuta wa matofali. Wale wa upande wa miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, kwa wastani wa takriban robo tatu ya siku, na walitumia dawa chache zaidi za kutuliza maumivu makali. Tofauti si ya miujiza, na wagonjwa walikuwa wachache. Hata hivyo ni dalili nzuri kwamba jicho la mgonjwa likiwa na kijani cha kutazama, mwili wake hupata nafuu fulani. Katika Ndandalo mgonjwa aliyelazwa nyumbani mara nyingi huwekwa chumba cha ndani kabisa, chenye kimya na giza, kwa nia njema ya kumpa utulivu. Kumsogeza karibu na dirisha na kumwekea mmea mmoja mbele ya macho hakugharimu kitu.

Uchunguzi wa pili unatuhusu zaidi. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walifanya jaribio katika nyumba ya kutunzia wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba mambo yao yapo mikononi mwao. Wakapewa nafasi ya kuchagua mmea mdogo, na wakaambiwa kwamba watautunza wao wenyewe. Wazee wa ghorofa nyingine nao walipewa mimea, ila wakaambiwa kwamba wauguzi ndio watakaoimwagilia. Mimea ilikuwa ya aina ile ile. Baada ya wiki tatu wazee wa kundi la kwanza walionekana wachangamfu zaidi, wakizungumza na wenzao na kushiriki shughuli za nyumba kuliko wale wa kundi la pili. Haki itendeke: kundi la kwanza lilipewa pia uchaguzi mwingine, kama vile siku ya kutazama filamu, kwa hiyo sifa yote haiwezi kuupewa mmea. Lakini jambo linaonekana wazi. Kuwa na mmea hakukutosha, kwa kuwa makundi yote mawili yalikuwa nao. Kilicholeta tofauti ni nani mwenye mamlaka juu ya mambo yake, na kopo la maji lilikuwa sehemu ya mamlaka hayo.

Tulitazame hili kwa macho ya hapa. Bibi aliyelima mpunga kwa miaka hamsini, akahamishiwa mjini kwa mwanawe baada ya magoti kushindwa, hukaa barazani akiletewa kila kitu: chai analetewa, maji ya kuoga analetewa. Watoto wake wanampenda, na kwa upendo huo wamemwondolea kila kazi. Mpeni vyungu vitatu na kopo la maji, na mjukuu asivimwagilie kabla bibi hajasema. Mtu aliyejua kutofautisha mche wenye njaa na mche wenye ugonjwa kwa kuutazama tu hajapoteza ujuzi huo. Amepoteza mahali pa kuutumia. Naye mtoto wa shule ya msingi atajifunza kwa bibi huyo mambo ya sayansi ambayo ubaoni hubaki michoro.

Mimea ya Kwetu Iliyokuja Kujulikana Ugenini

Wengi hudhani kwamba maua ya chungu ni desturi ya Ulaya iliyoletwa kwetu. Desturi huenda ikawa hivyo, lakini sehemu kubwa ya mimea yenyewe ilitoka hapa.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala wilaya ya Tanga, alikuta katika eneo la Usambara mmea mdogo wenye majani ya mviringo yenye manyoya laini na maua ya rangi ya zambarau. Alipeleka mbegu kwa baba yake huko Ujerumani, naye baba akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliuelezea kitaalamu na kuuita Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya familia hiyo. Wajerumani hadi leo wanauita urujuani wa Usambara. Umekuwa miongoni mwa maua ya dirishani yanayopendwa kuliko yote duniani. Aina zilizozalishwa na wakulima wa maua sasa ni maelfu, zenye maua meupe, ya waridi, ya buluu na yenye mapindo. Wataalamu wa mimea waliuhamishia katika jenasi ya Streptocarpus mwaka 2015, ingawa wauzaji hawakubadili jina.

Na huko nyumbani? Mimea hii porini huota Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya tu, aghalabu juu ya miamba yenye kivuli na unyevu, kandokando ya vijito vya msituni. Msitu ukikatwa, mwamba huanikwa juani na mmea hukauka. Kwa hiyo kuna ua ambalo limejaa katika madirisha ya nchi ambazo hazikuwahi kulimiliki, huku katika makao yake ya asili likihesabiwa kwa sehemu chache zilizobaki. Tangu Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai wa mwaka 1992 inatambuliwa kwamba nchi ina haki juu ya mimea na viumbe vyake vya asili. Mwaka 1892 hakukuwa na wa kuulizwa.

Mfano wa pili msomaji huenda anao barazani bila kujua jina lake. Ni ule mmea wenye shina la majimaji, ua la petali tano lenye kijimkia chembamba kwa nyuma, na kitunda ambacho kikiiva, ukikigusa, hupasuka na kurusha mbegu mbali. Watoto hucheza nacho. Jina lake la kitaalamu ni Impatiens walleriana. Lilitolewa na Joseph Hooker wa bustani za Kew, Uingereza, mwaka 1868, kumkumbuka Horace Waller, mmoja wa wamisionari wa UMCA waliofika nyanda za Shire, kusini ya ziwa letu, mwanzoni mwa miaka ya 1860. Baadaye mimea ya aina hiyo iliyopelekwa Kew kutoka Zanzibar ilipewa jina la Sultani wa Zanzibar, hata ikagundulika kwamba ni mmea ule ule. Leo unapandwa katika bustani za mataifa mengi kama ua la msimu, kwa kuwa baridi yao huuua kila mwaka. Kwetu haufi. Hukatwa ukizidi, ukaota tena.

Wa tatu ni Zamioculcas zamiifolia, wenye vijani vinene vinavyong'aa kama vilivyopakwa mafuta. Asili yake ni ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Kenya hadi Afrika Kusini. Huhifadhi maji katika viazi vyake vya chini ya udongo, hivyo huvumilia kusahauliwa. Uholanzi ilianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, na sasa wakazi wa miji yetu hununua kwa bei ya kutisha mmea ambao ndugu zake wanaota porini pwani pasipo kupaliliwa na mtu. Mwandishi anakiri kwamba jambo hili humchekesha na kumwudhi kwa wakati mmoja.

Kutaja hayo si kumwelekeza msomaji aende kung'oa porini. Juu yetu, katika nyanda za Kitulo, zinazoitwa na wengi Bustani ya Mungu, kuna Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya maua, yakiwemo ya jamii ya okidi. Viazi vya okidi hizo vimechimbwa kwa miaka mingi na kusafirishwa kwenda Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Mahali palipochimbwa hupoteza maua. Kung'oa mmea ndani ya hifadhi ni kosa la jinai. Tena hakuna haja, kwani karibu mimea yote ya chungu huzaliana kwa jani au kipande cha shina kutoka kwa jirani.

Mmea Haufi kwa Kiu, Hufa kwa Kuzama

Vitabu vingi vya utunzaji wa maua vimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Vinaonya juu ya baridi ya dirishani, hewa kavu na siku fupi zisizo na mwanga. Wakulima wa huko hujenga nyumba za vioo na kuzipasha moto ili wapate joto na unyevu ambao sisi tunaupata bure. Anayefuata vitabu hivyo Kyela atakosea, kwa kuwa adui yetu ni mwingine.

Mizizi nayo hupumua. Udongo ukijaa maji muda mrefu, nafasi za hewa zilizo kati ya chembe zake huzibwa, mizizi hukosa oksijeni, hufa, kisha kuvu huiozesha. Mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji. Hivyo majani hulegea na kuwa ya njano, mfano wa mmea wenye kiu. Mwenye mmea huona majani yamelegea, akahurumia, akaongeza maji. Kwa huruma hiyo mmea humalizikia. Dalili za kutofautisha ni hizi: mmea wenye kiu huwa na udongo mwepesi na mkavu, na ukingo wa majani hukauka, mmea uliozama huwa na udongo mzito, wenye harufu ya kuoza, na majani ya chini hulainika. Kipimo cha uhakika ni kidole. Kitumbukize katika udongo hadi pingili ya pili. Ukihisi unyevu, ondoka.

Kwa hiyo chungu ni jambo la kwanza, na hapa Kyela ina bahati ambayo miji mikubwa haina. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe na vijiji jirani, chini ya Milima ya Livingstone, hufinyanga vyungu kwa mikono na kuvileta kwa mitumbwi katika soko la Jumamosi la Lyulilo, Matema, ambako wachuuzi huvinunua na kuvisambaza. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi hupitisha unyevu kwenye kuta zake. Ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi. Sifa hiyo hiyo huyaondoa maji yaliyozidi kwenye mizizi. Ndoo ya plastiki haina sifa hiyo, ingawa yafaa ikitobolewa vizuri. Kasoro ya chungu cha kupikia ni kwamba hakina tundu chini. Kiloweke usiku kucha, kikalishe juu ya mchanga, kisha kizungushie ncha ya msumari taratibu bila kugonga mpaka kitoboke. Au tafuta kilichopata ufa: chungu kilichostaafu jikoni huanza kazi ya pili dirishani.

Kuhusu udongo, wakulima wa kakao hawahitaji kufundishwa mengi, maana mchanganyiko wa viriba vya kitaluni unafaa ukiongezewa wepesi. Changanya udongo wa juu sehemu mbili, mchanga wa mtoni sehemu moja, na mboji au samadi iliyooza kabisa sehemu moja. Ongeza pumba za mpunga kutoka mashineni, hasa zilizounguzwa zikawa nyeusi, ili udongo usigandamane. Maganda ya kakao ni mbolea nzuri, lakini yaoze kabisa kwanza, kwani maganda mabichi huweza kubeba vimelea vya ugonjwa wa kuoza kwa matunda ya kakao, na si busara kuvileta karibu na shamba.

Mwanga unahitaji maelezo machache tu. Mahali ambapo msomaji anaweza kusoma jarida hili saa sita mchana bila taa panafaa kwa mimea mingi ya ndani. Jua kali la mchana moja kwa moja huunguza majani ya Saintpaulia. Zungusha chungu robo mduara kila wiki ili mmea usipinde, na futa vumbi la barabarani kwenye majani mapana kwa kitambaa chenye maji. Majani ya Saintpaulia yenye manyoya yasifutwe wala kulowanishwa, hupata madoa. Mwagilia udongo wake pembeni, asubuhi.

Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito, Zamioculcas inaweza kukaa wiki tatu au zaidi bila maji na isidhurike. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, upepo unapokauka, mimea yenye majani laini kama Impatiens huhitaji kutazamwa kila siku. Ratiba isiyobadilika ya kumwagilia, ile ya "kila Jumatatu na Alhamisi", haifai wilaya yenye misimu tofauti kiasi hiki.

Mambo mawili ya afya hayana budi kuelezwa kwa mkazo. La kwanza ni mbu. Kisahani kinachowekwa chini ya chungu ili kulinda sakafu hukusanya maji, na mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hupenda kutaga katika vyombo vidogo vya aina hiyo karibu na watu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Katika joto kama letu yai huweza kuwa mbu kamili katika muda wa siku saba hadi kumi, na mayai yaliyogandia ukutani mwa chombo huvumilia ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kisahani kimwagwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki, au kijazwe mchanga unaonyonya maji. Vivyo hivyo kwa chupa za maji ambamo vipande vya shina huachwa viote mizizi: maji yabadilishwe kila baada ya siku tatu au nne.

La pili ni sumu. Kila mama wa Kyela anajua kwamba gimbi bichi huwasha mdomo. Kinachowasha ni fuwele ndogo kama sindano za kalisi oksaleti, na mimea mingi ya mapambo ni ya ukoo mmoja na gimbi: Zamioculcas yenyewe, Caladium yenye majani ya rangi mbili, ule utambaao wenye majani ya umbo la moyo na mabaka ya njano, na hasa Dieffenbachia, yenye shina nene na majani mapana ya madoa meupe. Mtoto anayetambaa akitafuna jani la Dieffenbachia, ulimi na koo huweza kuvimba. Mimea hii haipaswi kutupwa. Inapaswa kuwekwa juu, mbali na mkono wa mtoto. Utomvu wa manyara nao ukiingia jichoni huweza kuliumiza vibaya, kwa hiyo hauna nafasi chumbani.

Mtoto akishatafuna, mtoe mabaki mdomoni, msuuze kwa maji safi, umpe maji baridi au maziwa kidogo anywe, na usimlazimishe kutapika. Jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano au zaidi. Kisha nenda zahanati ya karibu pasipo kuchelewa ukiwa na jani la mmea huo, maana mhudumu wa afya hawezi kutambua mmea kwa kuelezwa rangi tu. Akipumua kwa shida au akishindwa kumeza mate, hiyo ni dharura.

Anayetaka kuanza, aanze na mimea miwili au mitatu, na maswali ya magonjwa ya majani ayapeleke kwa afisa ugani wa kata. Kazi yake haiishii kwenye kakao na mpunga. Kuzalisha ni rahisi. Impatiens hukatwa kipande cha shina chenye vifundo vitatu na kuchomekwa katika udongo wenye unyevu. Zamioculcas huzaliana kwa kijani kimoja kilichochomekwa mchangani, lakini ni mvivu: huchukua miezi kutunga kiazi, na wasio na subira hukitupa kikiwa kimeanza kazi chini kwa chini. Saintpaulia hutaka jani zima lenye kikonyo cha sentimita tatu hivi, lichomekwe kwa kuinamishwa katika mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Likichomekwa mwanzoni mwa Juni, mvua zinapopungua, kufikia Agosti vichipukizi huanza kuonekana shinani mwa jani. Viachwe vifike upana wa shilingi mia, kisha kila kimoja kitenganishwe na kupewa chungu chake. Na jani la zamani, likiwa bado zima, lichomekwe tena.